Mrejesho: Dakika 15 zilizomrudisha mama siku moja nyuma

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini programu ya kumbukumbu za ukoo ninayoiandika hapa Mji wa Kale, Mombasa, inamwonyesha mama kazaliwa Alhamisi, ilhali daftari la babu linasema Ijumaa, 2 Machi 1951. Wino umefifia lakini unasomeka: "usiku wa kuamkia Ijumaa, saa sita na dakika kumi".

Aliyeniambia nilinganishe mashine mbili alilenga penyewe. Kompyuta yangu ina data mpya ya kanda za saa (orodha ya tofauti ya saa ya kila mahali na ya Greenwich, na lini ilibadilika), inayosema Kenya ilishika saa tatu kamili mbele ya Greenwich tangu mwisho wa Julai 1942. Seva, yaani kompyuta inayoihudumia programu, ilikuwa na data ya zamani iliyoweka badiliko hilo 1960, na kabla yake saa mbili na dakika 45. Basi saa ya kuzaliwa iligeuzwa kuwa ya Greenwich kwa hesabu ya kompyuta yangu, ikarudishwa kuwa ya Kenya kwa hesabu ya seva, ikapungua dakika 15: saa sita kasoro dakika tano, siku ya nyuma.

Nimesasisha seva. Lakini la muhimu zaidi, saa za kuzaliwa sasa nazihifadhi kama zilivyoandikwa, bila kuzigeuza. Data ya kanda za saa yenyewe inalenga usahihi kuanzia 1970. Ya nyuma yaweza kurekebishwa tena, na Mombasa inafuata rekodi ya Nairobi, ingawa jua letu huwahi kama dakika 11.

Jana nilimwonyesha mama skrini. Akaisoma Ijumaa yake mara mbili, akanishika mkono.