Mrejesho: majibu ya damu ya mume wangu

Niliuliza kama tumbo na uchovu wa mume wangu, anayeyeyusha betri kuukuu za magari hapa Nakuru, vinatokana na kazi. Asanteni nyote mliosisitiza apimwe madini ya risasi, yaliyomo kwenye betri hizo. Kiwango kimetoka juu sana. Daktari ameagiza aondoke kwenye tanuri, amehamishiwa stoo.

Kinachoniuma ni watoto. Ovaroli yake ilikuwa ikitundikwa nyuma ya mlango wao, vumbi la kijivu limejaa kwenye mikunjo ya mifuko. Mwili wa mtoto hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima! Shirika la Afya Duniani linasema ikifika maikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kifungua mimba yuko chini ya hapo, mdogo amepita. Atapimwa tena.

Sasa Baba Watoto anaoga na kubadilisha nguo kazini. Nyumbani napiga deki, sifagii kavu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bure, lakini wenzake wangali wanajifunga leso puani. Barua kwa wakaguzi wa kazi imeshapelekwa, na wenzake hao wameitia sahihi.