Mama ana valvu ya chuma, fizi zinatoka damu. Tusimamishe warfarini?

Kifungua_Mimba: Wakuu habari za jioni. Mama (52) alibadilishiwa valvu ya moyo, ile ya mitrali, wiki sita zilizopita, kawekewa ya chuma. Warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, anameza kila saa mbili usiku. Tangu juzi akipiga mswaki mate ni mekundu, na pajani damu imevilia, ukubwa wa kiganja, wala hakujigonga. Baba mdogo anasema tuache vidonge hadi kliniki ya Alhamisi. Nifanyeje?

Binti_Pangani: Pole ndugu yangu. Msiviache kienyeji, damu ikigandia kwenye ile chuma ni kiharusi. Ila Alhamisi ni mbali, kapimeni INR leo, kile kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Mimi nina valvu kama hiyo, natakiwa niwe 2.5 hadi 3.5. Kuna siku ilifika 7, pua inachuruzika kanga nzima ikalowa. Daktari ndiye aliyesimamisha dozi, akanipa vitamini K kidogo, ndiyo inasaidia damu kuganda, kesho yake nikapimwa tena.

mzee_wa_shamba: Mpe mchicha na matembele kwa wingi, damu itakata.

Binti_Pangani: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Mboga tunakula, kiasi kilekile kila wiki. Zina vitamini K hiyohiyo, ukimshindilia leo, dozi nzima inavurugika.

Nesi_Zamu_Usiku: Kuna dawa nyingine ametumia karibuni?

Kifungua_Mimba: Duh. Wiki iliyopita tumbo lilimsumbua, tukamnunulia metronidazoli duka la dawa. Muuzaji hakuuliza, na sisi hatukusema.

Nesi_Zamu_Usiku: Basi huenda mchawi ndiye huyo. Metronidazoli inaipandisha sana nguvu warfarini. Diklofenaki na aspirini nazo asiguse bila daktari wake kujua, na asichomwe sindano ya msuli. Mpeleke sasa, kabla ya dozi ya saa mbili, na vidonge vyote na daftari lake la kliniki. Choo kikiwa cheusi kama lami, kichwa kikimuuma ghafla, au akihema kwa shida na mishipa ya shingo imetuna, usipange foleni, nenda dharura moja kwa moja. Damu inaweza kujikusanya kuzunguka moyo hata wiki kadhaa baada ya upasuaji.

Kifungua_Mimba: Mrejesho: INR 6.1. Wamesitisha dozi ya leo na ya kesho, wamempa vitamini K, keshokutwa anapimwa tena. Amelazwa. Baba mdogo ndiye kashika daftari, anamsomea kila nesi anayepita.

mzee_wa_shamba: Marahaba Binti. Mpe mama pole.