Wakuu shafti inakatika palepale kila mara na mzigo hauzidi, shida nini?

Mleta uzi:
Habari zenu wakuu. Nina mashine inaendeshwa kwa mkanda, imeshakata shafti 3 na zote zimekatikia palepale, kwenye kona ambapo unene unabadilika karibu na beringi. Mzigo ni uleule siku zote. Haipindi wala haitoi dalili, inakatika tu kavu kama chaki. Ya mwisho niliweka chuma kigumu zaidi na bado haikudumu. Nikiangalia palipokatika, sehemu kubwa ni laini ina mistari kama pete za mti, halafu kipande kidogo ndo kina mikwaruzo. Nimeuziwa chuma feki au? Naombeni msaada, kazi imesimama.

Mdau 1:
Pole mkuu. Chomelea hapohapo, weka na bamba, utasahau.

Mdau 2:
Hapana mdau 1, usimpoteze mwenzio. Kuchomelea shafti hapo ni kumwongezea pa kuanzia ufa.

Mleta uzi chuma chako sio feki, huo ni uchovu wa chuma na hizo pete ndo ushahidi wenyewe. Mkanda unavuta upande mmoja wakati shafti inazunguka, kwahiyo kila mzunguko ngozi ya chuma inavutwa halafu inabanwa. Ikienda mizunguko 1,000 kwa dakika, masaa 17 tu umeshavuka milioni. Ufa unaanzia kwenye kona unatambaa mdogo mdogo, pete ni pale ulipotulia au mzigo ulipobadilika, na hicho kipande cha mikwaruzo ndo kilichokuwa kimebaki kubeba kila kitu mpaka kikaachia kwa mpigo mmoja. Kwa vile ni kidogo, mzigo wako haukuwa mkubwa, mchawi ni kona. Mhandisi August Wöhler kule Ujerumani aliyaona haya kwenye ekseli za treni tangu karne ya 19. Na chuma kigumu huwa hakisamehe kona kali, ndo maana hakikukusaidia.

Mleta uzi:
Asante sana mkuu. Sasa ufa nitauona mapema?

Mdau 2:
Kwa macho ni ngumu, maana muda mwingi unakuwa mdogo mno halafu mwishoni unakimbia. Tumia rangi ya kupenya: safisha, paka, subiri, futa, weka poda nyeupe, ufa utajichora wenyewe. Ila dawa ni kupunguza msongo, yaani nguvu inayobebwa na kila kieneo cha chuma, kwenye chuma cha kawaida kasi ya ufa inafuata msongo kwa kama kipeo cha 3 (msongo ukizidishwa wenyewe mara tatu), ukipunguza msongo nusu kasi inashuka karibu mara 8. Kona ikerezwe iwe ya mviringo, ipigwe msasa mpaka alama za kukereza ziishe, puli isogee karibu na beringi, na mkanda usikazwe kupita kiasi.

Mleta uzi:
Nimetoka kuangalia vile vipande, kona ni kali kama kisu na mikwaruzo ya kukereza inaonekana kabisa. Sasa mviringo ukiwa mkubwa beringi si itagoma kukaa?

Mdau 2:
Itagoma kweli, umefikiria vizuri. Weka pete ya chuma kati ya kona na beringi, pete uichonge upande wa ndani ipishe mviringo, beringi ikae kwenye pete.