Tupeane uzoefu: ni kipande gani cha filamu za Tolkien kilichokuumiza wewe uliyesoma kitabu?

Msomaji wa Usiku:
Wakuu, salaam. Jana nilitazama tena filamu ya pili ya The Lord of the Rings, ile ya mwaka 2002, na nilipofika pale Faramir, nahodha wa Gondor, anapoamuru Frodo na Sam, wale mahobiti (watu wafupi) waliobeba Pete ya adui kwenda kuiangamiza, wafungwe na kupelekwa mji wa Osgiliath, nikabaki nikizozana na televisheni peke yangu. Mliosoma kitabu mnakumbuka kwamba Faramir wa Tolkien, mwandishi wake, ni mtu wa namna nyingine kabisa. Anatamka kwamba kitu hicho cha adui hata angekikuta kimetupwa njiani asingekiokota, na anapokuja kutambua kuwa kitu alichokitolea maneno hayo ni Pete iliyo mbele yake mle pangoni, havunji neno lake: anawapa vyakula na fimbo za kutembelea, kisha anawaacha waende zao. Hapo ndipo alipoachana na kaka yake Boromir, aliyejaribu kuipora Pete. Filamu imemfanya awe Boromir wa pili, mpaka Nazgûl, mtumishi wa adui, atokee angani ndipo akili imrudie. Naomba tupeane uzoefu: kwako wewe ni wapi, na ilikuwaje siku ulipokiona?

Binti Mikindani:
Faramir. Sina la kuongeza, ila kwamba nyumbani kwetu kipande hicho kinarukwa na hakuna anayeuliza kwa nini.

Kaka wa Mabibo:
Mimi sikuanzia kwenye kitabu. Nilianzia kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta ikinguruma nje, na filamu ya tatu ikiwa imekwisha kutiwa Kiswahili na mtafsiri aliyemwita Gollum, yule kiumbe anayewaongoza Frodo na Sam, Kibwengo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tulipofika kwenye ngazi za Cirith Ungol, njia ya kuingilia Mordor, nchi ya adui, Kibwengo akamwaga chembe za mkate kwenye joho la Sam, Frodo akaamini kwamba Sam ndiye aliyekula akiba yote, akamfukuza arudi kwao. Kibanda kizima kililipuka. Mzee mmoja aliyekaa mbele alisimama akaapa kwamba mtu anayemfukuza rafiki kwa ajili ya makombo hastahili kubebewa hata maji, na tangu usiku ule mimi Frodo nilimchukia kwa dhati.

Miaka ilipita nikapata kitabu, nikakisoma huku nikiisubiri ile aibu ya ngazini, na haikuja. Katika kitabu Frodo na Sam wanaingia pamoja kwenye shimo la Shelob, buibui mkubwa, wala hakuna anayemfukuza mwenziwe. Kilichopo ngazini ni kitu kingine ambacho filamu haikukigusa. Gollum anarudi kutoka kupanga hila zake na kuwakuta wamelala, Frodo kichwa chake kipo mapajani mwa Sam, na kwa muda mfupi yule kiumbe analegea, ananyoosha mkono na kugusa goti la Frodo polepole, na msimulizi anasema angeonekana kuwa hobiti mzee tu aliyechoka na kupoteza wote aliowapenda. Sam anaamka, anamkaripia, na ile nafasi ya kutubu inafungika. Kwa hiyo kosa pale ni la Sam, mwema kuliko wote, na analifanya kwa sababu ya mapenzi yake kwa Frodo. Wakatuondolea hilo, wakatupa hila ya makombo.

Mjukuu wa Mvuvi:
Umelieleza vizuri mno, mkuu. Naunga mkono.

Hakimu Bila Joho:
Ndugu zangu, mnahukumu bila kumsikiliza mshtakiwa. Peter Jackson, mwongozaji wa filamu hizo, na wenzake walieleza tangu zamani kwamba, baada ya kumwonyesha mtazamaji kuwa Pete inamtikisa kila anayeikaribia, wasingeweza kumleta mtu asiyetikisika bila kuiua hofu yenyewe. Isitoshe, Shelob alihamishiwa filamu ya tatu, hivyo filamu ya pili ingewaacha Frodo na Sam bila kilele chochote. Hizo ni sababu za kazi, si dharau. Filamu tatu zilizoingia sinema zinazidi saa tisa kwa jumla, na bado mnadai vilivyoachwa? Ile ya tatu ilizoa Oscar 11 mwaka 2004. Hata huyo Tom Bombadil aliyeondolewa hakuna aliyemlilia.

Mjukuu wa Mvuvi:
Nimemlilia mimi. Bombadil ndiye anayewatoa mahobiti kwenye kaburi la Barrow-downs, na kutoka kaburini humo anawapa visu vya kale vilivyofuliwa na watu wa Kaskazini walipokuwa wakipigana na ufalme wa Angmar. Mfalme wa Angmar alikuwa nani? Ni yule yule Witch-king, mkuu wa Nazgûl. Hobiti Merry anapomchoma mguuni kwenye vita vya Pelennor anamchoma kwa silaha iliyotengenezwa mahususi kwa ajili yake, na Tolkien anasimama kuitaja kwa heshima. Katika filamu Aragorn anawagawia visu tu pale Weathertop, kama mtu anayegawa vijiko. Umemtoa mzee mmoja mwimbaji, ukaikata kamba iliyofika hadi kilele cha vita.

Hakimu Bila Joho:
Kisu kingeelezwa kwa sentensi moja. Nyimbo za mzee wako ni kurasa na kurasa. Na kama shida ni yeye, tamthilia ya The Rings of Power imekuletea Bombadil katika msimu wa pili, mwaka 2024. Furahi.

Mjukuu wa Mvuvi:
Wamemng'oa kwenye mto wake wa Withywindle wakampeleka jangwani Rhûn amfundishe mtu kazi ya kuokoa dunia. Bombadil wa kitabu hatumwi na mtu, ndiyo maana Pete haimwezi.

Mpemba wa Ng'ambo:
Nilikuwa nasoma bila nia ya kuandika, lakini mlipotaja vilivyoachwa nimekumbuka jambo ambalo sijapata kuliandika popote. Kaka yangu mkubwa alifanya kazi Muscat kwa miaka mingi, na aliporudi Pemba alikuja na begi la nguo, cherehani ya mama, na buku moja nene la Tolkien ambalo mgongo wake ulishikizwa kwa gundi. Alikuta shamba la marehemu baba halitambuliki. Ami yetu alikwisha kuuza kipande cha juu, na mnunuzi alikuwa ameikata mikarafuu yote pamoja na mwembe wa mpakani ambao sote tulikulia chini yake. Kaka hakugombana na mtu. Alikaa juu ya kisiki, akapitisha kidole kwenye utomvu ulioganda, akaniuliza ni nani aliyeshika msumeno.

Usiku alikuwa akitukalisha barazani na kutusimulia kitabu kwa Kiswahili, sura kwa sura, akiusoma ukurasa kimya kwa tochi kisha akiueleza. Tulipofika pale mahobiti wanne wanaporudi kwao Shire baada ya Pete kuangamia, alisoma kimya kwa muda mrefu kuliko desturi yake, akakifunga kitabu, akaingia ndani. Keshoye ndipo tulipojua kilichomo. Waliporudi walikuta njia imefungwa kwa lango, amri mpya zimebandikwa ukutani, miti imekatwa na mingine imeachwa ioze ilipoanguka, nyumba mbaya za matofali zimejipanga kando ya maji, na ule mti wa sherehe ya Bilbo umelazwa chini kiwanjani. Na Sam, aliyevuka Mordor, alipouona alibubujikwa na machozi. Aliyekuwa nyuma ya yote ni Saruman, mchawi msaliti, lakini aliyemfungulia mlango ni Lotho, jamaa yake Frodo. Hapo pa jamaa kaka alipakariri.

Filamu ya tatu ilipofika mjini Chake Chake kwenye diski, tulimwita kaka aje atazame nasi, na mimi muda wote nilikuwa nikiisubiri sura ile. Mnajua kilichotokea. Mahobiti wanaingia juu ya farasi wao wadogo, kila kitu kijani, wanakaa kilabuni na bilauri zao, wenyeji wanalishangilia boga kubwa, na hakuna anayewatupia jicho. Kaka akaniuliza, “Hawa wamerudi kijiji gani?” Akatoka nje kabla meli haijaondoka bandari ya Grey Havens.

Msinieleze kwamba filamu ilikwisha kupita saa tatu, wala kwamba Frodo aliiona Shire ikiungua ndani ya kioo cha Galadriel, yule bibi wa Elves, nayajua. Lakini katika kitabu Galadriel anampa Sam kisanduku cha udongo wa bustani yake pamoja na mbegu moja, na Sam anautawanya udongo ule Shire nzima, chembe kwa chembe, kila mahali palipokatwa mti. Katika toleo refu la filamu amepewa kamba. Kaka yangu alipanda miche ya mikarafuu pale pale penye visiki, na anayeujua mkarafuu anajua unavyochelewa kukulipa.

Binti Mikindani:
Mpemba, umenitoa kabisa kwenye Faramir.

Mzee wa Mirathi:
Kijana wangu, filamu iweke pembeni kwanza. Shamba la marehemu ambalo halijagawanywa haliuzwi na mtu mmoja. Nendeni kwa Kadhi mirathi ijulikane, kisha mwende Mahakama ya Ardhi mkiwa na karatasi mkononi.

Kaka wa Mabibo:
Kwa heshima zote, mzee wangu, usiwapeleke huko. Mkishamfikisha ami mahakamani, harusi zote za ukoo mtakula kwenye majamvi tofauti mpaka wajukuu. Pandeni mikarafuu, mnyamaze.

Hakimu Bila Joho:
Merry alilipuliza baragumu la Rohan, akakiamsha kijiji kizima, wakawatoa wavamizi kwa nguvu. Sisemi mfanye hivyo. Nasema kimaandishi ni njia inayojulikana.

Mpemba wa Ng'ambo:
Ahsanteni nyote. Ami alikwisha kufariki, Mungu amrehemu, na sikuleta habari hii kuomba ushauri wa ardhi. Turudini kwenye filamu.

Hakimu Bila Joho:
Basi turudi. Nakupa pole ya kaka, lakini hoja yangu inabaki. Katika vita vya Bywater, kule Shire, wanakufa mahobiti 19. Ukishamwonyesha mtazamaji mlima wa moto wa Mordor ukilipuka, huwezi kumwambia sasa akae atazame vita vingine vya kijijini. Watu walilalamika kwamba filamu ile ina miisho mingi mno hata bila hicho.

Mjukuu wa Mvuvi:
Vita hivyo vya kijijini ndivyo vinavyoonyesha kwamba mahobiti wamekua, maana mchawi Gandalf anawaacha njiani makusudi na kuwaambia hawamhitaji tena. Filamu imewarudisha wakiwa wale wale waliotoka, isipokuwa nguo. Na Saruman naye? Waliokwenda sinema mwaka 2003 hawakumwona kabisa. Kifo chake kiliwekwa kwenye toleo refu, tena juu ya mnara wa Orthanc badala ya mlangoni kwa Frodo. Christopher Lee, aliyemwigiza Saruman na aliyewahi kukutana na Tolkien mwenyewe, alikasirika, na alikuwa na haki.

Fundi Saa:
Ninyi mnalia kwa kuachwa. Njooni kwetu tunaolia kwa kubanwa. Mimi napenda zile tarehe za nyongeza mwishoni mwa kitabu. Kwa mujibu wake, Celebrimbor, mfua pete, aliuawa mwaka 1697 wa Enzi ya Pili, na Isildur alikimbia maangamizi ya kisiwa cha Númenor pamoja na baba yake mwaka 3319. Kati ya matukio hayo kuna zaidi ya miaka 1600. Katika The Rings of Power wanaishi wakati mmoja, na Númenor iliyochukua karne nyingi kuoza inaoza kwa misimu miwili. Nafahamu kwamba Amazon walipata haki za The Lord of the Rings na nyongeza zake pamoja na The Hobbit, si The Silmarillion, kitabu kingine cha Tolkien, hivyo wanashona nguo kwa vipande. Lakini tarehe hizo zimo kwenye nyongeza hizo hizo walizolipia.

Msomaji wa Usiku:
Mimi tarehe sigombani nazo. Nikimwona Galadriel ana hasira za kijana naweza kuvumilia, kwa sababu Tolkien mwenyewe alimwandika kuwa alikuwa na kiburi alipokuwa mdogo. Kinachonishinda ni mtu kubadilishwa moyo. Mti ukikatwa kwenye filamu bado upo kitabuni, lakini Faramir ninaye wa aina mbili kichwani, na yule wa filamu ndiye anayejitokeza kwanza.

Mama wa Watatu:
Samahanini kuingilia wakubwa. Nina mtoto wa miaka tisa anayetaka kuanza. Nimsomee au nimwonyeshe filamu kwanza?

Fundi Saa:
Kitabu kwanza, bila mjadala.

Kaka wa Mabibo:
Filamu kwanza, dada yangu. Mimi nilianzia kwa Kibwengo na bado nikafika kitabuni. Angeanzia kitabuni asingewahi kufurahia filamu, atakuwa hakimu kama hawa.

Binti Mikindani:
Msomee The Hobbit, ile ya mwaka 1937, kwa sababu iliandikwa isomwe kwa sauti, na filamu zake tatu za 2012 hadi 2014 zifiche. Kitabu kimoja chembamba kimenyooshwa kikawa filamu tatu, ameongezwa Tauriel ambaye hayumo kabisa, na Azog, mkuu wa orc, ambaye kwa Tolkien aliuawa zaidi ya miaka mia moja kabla Bilbo hajatoka nyumbani, yu hai na anawafukuza kila mahali.

Hakimu Bila Joho:
Martin Freeman kama Bilbo ni mzuri kuliko nilivyomfikiria niliposoma. Usizifiche zote. Mwonyeshe ile sehemu ya mafumbo gizani na Gollum, kisha zima.

Mama wa Watatu:
Nashukuru. Nitaanza na The Hobbit kwa sauti. Ila naogopa huyo buibui Shelob mnayemtaja, mwanangu hulala na taa.

Msomaji wa Usiku:
Shelob yuko mbali, kwenye kitabu kikubwa, na ni mbaya zaidi kuliko wa filamu kwa sababu Tolkien anakuacha gizani na harufu yake kabla hujaona chochote.

Mjukuu wa Mvuvi:
Mbona humwambii dada kwamba kwenye The Hobbit nako kuna buibui wa msitu wa Mirkwood? Ni wengi, dada, tena wanazungumza. Hiyo taa usiizime bado.