MREJESHO: Karatasi za marehemu baba mchoraji

Wakuu, nimerudi kushukuru. Niliuliza namna ya kuokoa barua, madaftari ya michoro na negativu (filamu za picha) za marehemu baba, mchoraji, zilizoota ukungu sandukuni hapa Tanga.

Laminesheni, yaani kuzifunga karatasi ndani ya plastiki, nimeachana nayo, ingawa jamaa wa duka la steshenari alishaanza kunipigia hesabu. Karatasi tulizianika kivulini penye upepo, tukafuta ukungu kwa brashi laini, barakoa usoni, tukatoa pini zenye kutu. Mpangilio aliouacha baba hatukuuvuruga, na hapo ndipo faida ilipoonekana: risiti za kununulia rangi zilibanwa pamoja na barua za wanunuzi, kwa hiyo tunajua picha ipi ilikwenda kwa nani.

Negativu zilizonuka siki, dalili kwamba filamu inaoza, zimegandana, hazifai tena. Nzima nimezitenga. Maboksi yasiyo na asidi, yale yasiyoharibu karatasi, bado nayatafuta.