Tupeane uzoefu: ulifanyaje mazoezi mpaka ukaiva kwenye dansi? (salsa, bachata, rumba, hata kwaito ya harusini)

Kijana wa Sakina (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Jana nimepita Kijenge, hapa Arusha, nikasikia bachata inatoka kwenye ukumbi mmoja, nikachungulia. Namkuta kaka mmoja tuliyeanza naye darasa la salsa siku moja, kipindi kile cha baridi ya Julai, watu tunajifunza na masweta. Jana anacheza mpaka watu wanampisha. Tumehudhuria darasa lilelile, mwalimu yuleyule. Nikamuuliza siri ni nini, akaniambia: "Kila nikija nakuja na kitu kimoja cha kurekebisha. Nikikipata ndiyo nahamia kingine."

Nimelala na hilo neno. Waliofanya mazoezi kwa lengo, mlianzia wapi? Lengo gani lilikutoa? Naomba tusijibu "mazoezi tu mkuu", nataka kujua mazoezi YA NINI.

Nyota ya Rau
Nakaa siti ya mbele, wajuzi waje.

Fundi Spika
Mimi nilianza na masikio, miguu ikafuata. Salsa inahesabiwa nane: unakanyaga moja-mbili-tatu, ya nne unatulia, tano-sita-saba, ya nane unatulia. Watu wengi wanazijaza zile nafasi mbili za kutulia, ndiyo maana unamuona mtu anakimbizana na muziki. Lengo langu la kwanza lilikuwa kujua "moja" iko wapi, basi. Nikipanda daladala ya Ngaramtoni naweka muziki masikioni, kidole kinagonga gotini, nahesabu kimoyomoyo. Hesabu ikipotea naurudisha wimbo mwanzo. Sikupiga stepu hata moja mpaka nilipoweza kuidaka "moja" katikati ya wimbo nisioujua.

Bachata ni nyepesi zaidi kwa anayeanza. Stepu tatu za pembeni, ya nne unagusa tu chini na kiuno kinapanda, unarudi ulikotoka. Mizunguko iacheni kwanza.

Chalii wa Mianzini
Mnajitesa bure. Dansi ni kipaji, unacho au huna. Machalii wa Chuga (Arusha) tunazaliwa nacho. Nyie wa kuhesabu mtahesabu mpaka dijei afunge mashine.

Babu Kiboriloni
Mjukuu wangu, kipaji cha mtu unakiona ukumbini, mazoezi yake huyaoni kwa sababu kayafanya chumbani kwake.

Zamani bendi za Dar zilipokuja huku kwetu Moshi, kila bendi ilikuja na mtindo wake. Mlimani Park na Sikinde yao, Maquis na Kamanyola. Usipoujua mtindo unabaki ukutani na chupa mkononi. Sisi tulijifunza na kiti. Unashika mgongo wa kiti kama unavyomshika mwenzio, unaweka rumba ya polepole, unakwenda nacho huku na huku miguu miwili ya nyuma ikiwa chini. Lengo ni moja: kiti kisipige kelele. Kikikwaruza sakafu ujue umemvuta mtu. Kikiinama ujue umemlalia.

Na jambo jingine. Rumba ina mwanzo na ina sebene. Mwanzoni waimbaji wanaimba taratibu, mmeshikana. Magitaa yakishika kasi mnaachana, kila mtu anajimwaga. Vijana wa sasa wanaisubiri sebene. Kule mwanzo ndiko mtu anakojulikana anaweza au hawezi. Rumba ya Kongo imeingizwa kwenye urithi wa UNESCO mwaka 2021, na sidhani waliiingiza kwa sababu ya kurukaruka.

Kijana wa Sakina (mleta mada)
Shikamoo babu. Ya kiti naifanya leo leo.

Babu Kiboriloni
Marahaba. Kiti cha mbao. Cha plastiki ni chepesi mno, hakikwambii kitu.

Mhasibu
Kwa wanaume nasema hivi: lengo liwe kuongoza kwa nguvu, mwanamke asikie nani anaongoza. Mwanamke yeye hana kazi kubwa, anafuata tu. Ndiyo maana wao wanajua haraka.

Dada wa Pasua
Kaka, kwa heshima zote, hapo hapana. Anayefuata ana kazi yake. Abebe uzito wake mwenyewe asimning'inie mtu. Amalize stepu yake hata kama mwanamume kachelewa. Na kubwa kuliko yote, asibahatishe. Hilo ndilo lengo nililokaa nalo muda mrefu: nisigeuke mpaka mkono uniambie geuka. Nilikuwa nacheza wimbo mzima nimefumba macho na rafiki yangu wa kike ananiongoza, maana macho yakiwa wazi nilikuwa nasoma uso wa mtu na kukisia anataka nini.

Na hiyo "kwa nguvu" yako ndiyo iliyonitegua bega. Kaka mmoja kanikamata kiganja kwa gumba, akaniinua mkono na kunizungusha mara mbili bila kuniachia. Nilivaa kitambaa shingoni, siwezi hata kusuka nywele. Wanaume mtusikie: kwenye mzunguko vidole viwe kama ndoano tu, gumba lisibane. Mkono wa mwanamke uzunguke ndani ya wako.

Mhasibu
Sikumaanisha nguvu za kubeba gunia dada yangu. Nimemaanisha msimamo.

Dada wa Pasua
Basi andika msimamo. Kuna mtu atasoma "nguvu" aende nayo ukumbini Jumamosi.

Chalii wa Mianzini
Hapo nipo na dada.

Mama Nai
Nimesoma ya babu na kiti nikakumbuka harusi yetu, ngoja niwape.

Mume wangu ni dereva wa watalii. Msimu ukichanganya yuko Serengeti, namuona kwa kubahatisha. Tulipomfuata mwalimu wa kutuandaa kufungua muziki alituuliza tuna siku ngapi za kuwa pamoja kabla ya harusi, akaona ni chache, akasema: "Basi tunachukua lengo moja. Siku ile mcheze hata muziki ukiwakataa." Akakataa kutufundisha madoido. Tulijifunza stepu ya msingi, kutembea pamoja mbele na nyuma, na mzunguko mmoja wa bibi harusi. Na tulifanya mazoezi bila muziki! Barazani kwa mama, jioni, mtoto wa jirani anatuhesabia kwa sauti. Mimi nimefungwa shuka kiunoni, linaburuta nyuma, ili nizoee mkia wa gauni: kila nikirudi nyuma kisigino kinatanguliza kulisukuma shuka pembeni ndipo nikanyage. Nilimchukia yule mwalimu. Wenzangu wote walikuwa wanaandaa wimbo wao, wanajua hapa ananiinua, hapa ananilaza.

Siku ikafika. Ukumbi Moshi mjini, umejaa. MC katuita katikati, rumba imeanza, simu zote juu. Tumefika kwenye kile kibwagizo cha kwanza, umeme huo. Giza totoro. Jenereta ikakohoa, ikawaka, ikazima. MC anapiga kelele hana maiki, watoto wanalia, mtu kaangusha kreti. Mimi magoti yameisha, nataka kukimbilia meza ya juu. Mume wangu hakuniachia. Akaniwekea mdomo sikioni akaanza: moja, mbili, tatu... taratibu vilevile kama yule mtoto. Miguu ikaenda yenyewe. Shangazi zake wa Uru waliokaa mbele wakasikia gauni linaburuta, wakajua bado tunacheza, wakaanza kupiga makofi. Mmoja akachukua chupa na kijiko akagonga. Vigelegele. Taa za simu zikawaka moja moja mpaka ukumbi mzima. Kisigino kikalisukuma gauni kama shuka, nikazunguka ule mzunguko wangu mmoja, nikarudi mikononi kwake. Baba yangu, mtu ambaye sijawahi kumuona analia, alilia.

Kwa hiyo mleta mada, lengo lako liwe kitu kitakachobaki siku muziki hauko upande wako. Wimbo unabadilika, dijei anakosea, hesabu haikuachi.

Taa ziliporudi sanduku la bahasha halikuwepo mezani, lakini hiyo ni habari nyingine.

Nyota ya Rau
MAMA NAI RUDI HAPA. Sanduku lilienda wapi?

Mhasibu
Hapo ndipo kwenye mada sasa. Nani alikuwa mweka hazina wa kamati?

Chalii wa Mianzini
Jenereta kuzima muda huohuo, mimi nashuku mtu wa jenereta.

Fundi Spika
Mtu wa jenereta msimguse, jenereta bila matunzo huzima hivyohivyo. Nimefanya kazi kumbini, najua.

Nyota ya Rau
Mbona unamtetea hivyo mkuu?

Kijana wa Sakina (mleta mada)
Wakuu mada ni mazoezi ya dansi tafadhali. (Mama Nai, lakini lilipatikana?)

Mama Nai
Lilipatikana. Mama mkwe alilikamata giza lilipoingia tu, akaliweka chini ya kiti chake, akashusha kitenge mpaka chini. Watu wanatafuta yeye kimya. Alitueleza baadaye alitaka kuona nani atatangulia kutoka nje.

Mhasibu
Na nani alitangulia?

Mama Nai
Hilo siliandiki humu, ndugu wapo.

Mwana wa Usa River
Turudi kwenye mada. Mambo yaliyonisaidia mimi: kujirekodi. Simu unaiegesha ukutani, unacheza wimbo mmoja, unatazama kitu kimoja tu ulichokuja nacho. Ukitazama vyote utakata tamaa. Mimi nilitazama mabega, yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Na wimbo ukikuzidi kasi, YouTube ina sehemu ya kupunguza mwendo, weka 0.75.

Pia viatu jamani. Raba inashika sakafu, mguu unataka kuzunguka kiatu kinakataa, goti ndilo linalopokea. Tafuta kiatu chenye soli ya ngozi.

Dada wa Sanawari
Sikubaliani na haya malengo kila saa. Mimi nikiingia ukumbini nataka kufurahi. Ukicheza na mtu anayefanya "mazoezi" juu yako unamuona, uso umekunjamana, hakutazami.

Fundi Spika
Dada una hoja. Mazoezi nyumbani na darasani. Ukumbini lengo ni mwenzio afurahie.

Mwana wa Usa River
Lakini kuna lengo moja la ukumbini tu: kuomba kucheza na mtu usiyemjua. Ukicheza na mmoja kila siku mnafichiana makosa. Akikataa, sema asante, ondoka, usimuulize kwa nini.

Mzee wa Kanisa
Mimi nauliza tu, hiyo kizomba ya kukumbatiana, mke wa mtu anafanyaje mazoezi?

Dada wa Pasua
Shikamoo mzee. Kizomba imetoka Angola, na kwao wanaicheza kwenye sherehe za familia, mtu na shangazi yake, mtu na binamu. Ukaribu mnapanga nyie wawili. Mkono wangu wa kushoto ukikaa mbele ya bega lake, hapo ndipo mpaka, na anayejua kucheza anausikia mara moja.

Mzee wa Kanisa
Marahaba. Nimekuelewa nusu.

Nyota ya Rau
Na sisi wa kwaito za harusini? Nakuwa mstari wa nyuma, wakigeuka ghafla najikuta nipo mstari wa mbele.

Mama Nai
Jifunze mgeuko kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ukijua inageukia upande gani na kwa mguu upi, yaliyobaki utayaokota kwa jirani. Njoo na binamu zako nyumbani, fanyeni mgeuko tu mpaka mchoke.

Kijana wa Sakina (mleta mada)
Nimeandika kwenye simu. Wiki hii: "moja" iko wapi, njiani asubuhi na jioni. Nikiishika, kiti cha babu, rumba ya polepole, sebene siigusi. Baada ya hapo gumba la Dada wa Pasua. Mrejesho nitauleta hapahapa. Mwana wa Usa River, hiyo soli ya ngozi kwa hapa mjini naipata wapi?

Mwana wa Usa River
Usinunue vipya. Chukua viatu vyako vya harusini vilivyochoka, peleka kwa fundi pale karibu na Soko Kuu, mwambie atoe soli ya mpira abandike ngozi. Mwambie ni vya kuchezea, asije akakuwekea kipande cha tairi.