Naomba ushauri: kuvunja ubia usiosajiliwa nchini India

Ndugu zangu, salaam. Mume wangu ni raia wa India na tunaishi Surat, katika jimbo la Gujarat, ambako yeye na binamu yake wanaendesha duka la vitambaa la jumla kwa mkataba wa ubia ulioandikwa kwenye karatasi ya stempu, usio na muda maalumu wala usajili. Sasa wameshindwana, na binamu amekaa na madaftari yote, likiwamo la wadaiwa, ambalo hataki hata lifunguliwe mbele ya mwenzake.

Ninavyoielewa Sheria ya Ubia ya mwaka 1932, kifungu cha 43 kinamruhusu mbia kuvunja ubia wa namna hii kwa notisi ya maandishi kwa wenzake. Kifungu cha 69 kinawazuia wabia wasiosajiliwa kumshtaki mteja kwa deni la mkataba, lakini hakizuii kesi ya kuvunja ubia, kudai hesabu au kukusanya mali ya ubia uliokwisha kuvunjwa. Hapo ndipo ninapokwama, kwa kuwa fedha nyingi ziko kwa wateja, si dukani.

Je, ni busara kumshawishi binamu wasajili kwanza kwa Msajili wa Ubia, wadai madeni, ndipo wavunje, au notisi itangulie? Na tangazo kwa umma lifanyweje ili mume wangu asije akabebeshwa mikopo ambayo binamu ataichukua baadaye kwa jina la duka? Naomba hasa waliowahi kusimamia mashauri ya aina hii Gujarat wanieleze.